Siku Mama Sifuri Alipozima Mtambo

Ukitaka kumpata mtu yeyote katika ofisi ile ya maji ulibonyeza sifuri, na ukibonyeza sifuri ulimpata yeye. Kwa hiyo jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote, tangu Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, walimwita Mama Sifuri, naye aliitika bila kinyongo. Wanawe walipokuwa wadogo waliwahi kurudi kutoka shule wakilia kwamba wenzao wanawacheka kuwa mama yao ni sifuri. Akawafuta machozi, akawaambia, "Waambieni bila sifuri hakuna kumi wala mia." Kesho yake walikwenda shule shingo juu.

Kazi yenyewe hakuisomea. Aliingia pale kufagia. Asubuhi moja opereta wa wakati ule alishikwa na homa, simu ikawa inalia na kulia, kila mtu anapita na kikombe chake cha chai kana kwamba kinacholia ni ndege. Yeye akaegemeza fagio ukutani, akapokea. Mteja alikuwa amefura kwa hasira, bomba kavu tangu juzi, nguo za watoto zimerundikana. Kabla hawajaagana alikuwa anamuuliza Mama Sifuri naye ana watoto wangapi. Tangu siku ile hakulirudia lile fagio, na hakuna aliyemwambia alirudie.

Mumewe alifariki wakati kitinda mimba wao anajifunza kutembea. Watoto wote akawalea kwa kiti kile na meza ile, wakakua, wakaoa na kuolewa, akabaki nyumbani na huyo wa mwisho, ambaye sasa ni msusi mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Sitasema maisha yalikuwa mteremko. Lakini ukimuuliza Mama Sifuri kama amechoka atakujibu kwamba kiti ndicho kilichochoka. Aliipenda kazi yake waziwazi, na alijivunia mambo mawili: hajawahi kumkatia mtu simu, na hajawahi kumuunganisha mtu mahali asipotaka kwenda. Hilo la pili tulikumbuke, maana ndilo lililomtoa jasho.

Tena alikuwa na sikio. Enzi za swichibodi ya zamani alimjua mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Baadaye ulipoletwa mtambo mpya, mezani kwake kikawekwa kidude chenye kioo kinachoandika jina la chumba kinachopiga: Uhasibu, Mapokezi, Malalamiko. Mwanzoni alikidharau. Kisha akakizoea, na kuzoea, kama tujuavyo, ni mwanzo wa uvivu.

Sasa tuje kwa mtunza stoo. Huyu walimwita Mzee Kufuli, kwanza kwa sababu hakuna kitu alichokiacha bila kufuli, na pili kwa sababu mdomo wake nao ulikuwa hivyohivyo. Alikuwa mjane mwenye mvi za kutosha, shati limepigwa pasi, na funguo zinazomtangulia kwa kelele. Stoo yake ilikuwa mwisho kabisa wa uwanja wa nyuma, baada ya marundo ya mabomba na matangi mabovu, kwa hiyo waya wa simu yake ulikuwa mrefu kuliko nyaya zote za ofisi. Kila asubuhi, kabla ya lolote, Mama Sifuri aliipima laini hiyo. Wa mbali akisikia, wa karibu watasikia, ndivyo alivyofundishwa.

"Stoo, unanisikia?"

"Nakusikia."

Kwa muda mrefu yalikuwa hayo tu. Kisha siku moja akaongeza, "Umekunywa chai?" na Mzee Kufuli, badala ya kujibu ndiyo au hapana, akamweleza kwamba chai ya kupika peke yako haiivi, hata uichemshe vipi. Mama Sifuri alicheka mpaka akasahau kuzipima laini nyingine. Kuanzia hapo kupima laini kukawa kunachukua muda. Kwenye simu mzee yule alikuwa mtu mwingine, mwenye visa na mizaha, mwenye kukumbuka kwamba jana ulisema goti linakuuma. Lakini wakikutana kantini ana kwa ana, kufuli lilijifunga. "Habari za kazi." "Nzuri." Kisha kila mmoja na meza yake, kama watu wenye kesi ya shamba.

Utauliza, simu za mkononi je? Zilikuwapo. Ila mle stoo, katikati ya mabati na vyuma, mtandao haukuingia. Na zaidi ya hilo, kuombana namba ni kutangaza jambo, na hakuna kati yao aliyethubutu kulitangaza.

Basi ikatokea kwamba bomba la darini lilianza kudondosha maji juu ya kabati la mtambo wa simu. Ofisi ya maji, na maji yenyewe yanavuja humohumo, kinyozi hajinyoi. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi, watu wakiwa makwao, aletwe fundi simu, mtambo uzimwe, betri zake zibadilishwe, na kabati lihamishiwe ukuta mkavu. Ijumaa asubuhi Mama Sifuri alimpa Mzee Kufuli taarifa hiyo.

Kisha mzee akasema, "Kesho nami nitakuja stoo."

"Uje kufanya nini? Kesho si siku yako."

"Mtambo ukiwaka, nataka simu ya kwanza iwe yangu. Kuna jambo nataka kukuuliza. Nimelibeba siku nyingi, limeanza kunielemea."

Mama Sifuri hakuwa mtoto. Alijua ni jambo gani, na jibu alikuwa nalo tangu msimu wa mvua uliopita, limekunjwa vizuri, linangoja swali. Alichofanya ni kusema tu, "Haya, nitapokea," kisha akakaa na mkono wa simu sikioni muda mrefu baada ya laini kukatika. Jioni alipomsimulia binti yake, msusi aliacha kichana kichwani mwa mteja akaja kumkumbatia.

Jumamosi fundi alifika mapema, mtu mrefu mwembamba asiyeweza kufanya kazi bila kupiga mluzi. Alimkuta Mama Sifuri ameshafika, amevaa gauni lake la buluu ambalo kwa kawaida huliona jua sikukuu tu.

"Mama, umependeza. Tunazima mtambo au tunauoza?" aliuliza fundi.

"Wewe zima kwanza."

Mtambo wa simu hauzimwi kama taa ya chumbani. Ukiung'oa tu kwenye umeme unaweza kuusahaulisha kila ulichoufundisha: namba za vyumba, majina, nani aruhusiwe kupiga nje na nani asiruhusiwe. Mama Sifuri alikuwa ameshatangaza tangu mwanzo wa juma, na asubuhi ile alipigia getini na zamu ya dharura kuwakumbusha kwamba simu zitakufa kwa muda, watumie za mkononi. Taa za laini zikawa zinazimika moja baada ya nyingine, ikabaki moja. Ilikuwa ya bibi mmoja mteja wa siku nyingi, ambaye hupiga hata maji yakiwa yanatoka, kushukuru.

Fundi akatazama taa, akatazama saa. "Mkatie tu, mama. Atapiga tena."

"Simu ya mtu haikatwi," alisema Mama Sifuri, akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Kaa chini upige mluzi wako."

Bibi alipomaliza habari za maji akaingia habari za wajukuu, na alipomaliza za wajukuu akaaga mwenyewe, kwa baraka. Taa ikazimika. Hapo ndipo fundi alipofungua kompyuta yake, akahifadhi kumbukumbu zote za mtambo pembeni, akahakikisha zimeingia, kisha akauamuru mtambo ulale. Wakangoja. Taa ya kijani ikapepesa, ikawa nyekundu, ikafa. Ndipo akabonyeza swichi ya kabati kubwa, kisha za masanduku madogo yaliyounganishwa nalo, na mwisho kabisa akachomoa betri. Mngurumo ambao Mama Sifuri alikuwa hausikii tena kwa kuuzoea ukakoma, na chumba kikawa kigeni. Akajikuta anasema polepole, kama anayemfunika mtoto, "Lala salama."

Walihamisha kabati kwa msaada wa mlinzi. Nyaya zote zilichomolewa, na kila mmoja Mama Sifuri alikuwa ameshauvisha kipande cha plasta chenye jina. Lakini zile zilizokuwa chini kabisa, pale maji yalipodondokea, plasta zake zililowa. Mbili zikabanduka zikaanguka sakafuni. Nyaya zenyewe zote mbili zilikuwa za buluu, unene mmoja, pacha kabisa.

Fundi akaziinua, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule. "Huu wa wapi, mama?"

Wakati huohuo, kutoka uwanja wa nyuma, ukasikika mlango wa chuma wa stoo ukifunguliwa. Ulikuwa na mlio wake wa kukwaruza ambao ofisi nzima iliujua. Amekuja. Kweli amekuja. Moyo wa Mama Sifuri ukaruka, ukavuka korido, ukapita kwenye mabomba na matangi, ukasimama mlangoni kwa mtu, na mwili ukabaki pale umeshika plasta mbili zilizolowa.

"Mama?"

"Huo wa Mkurugenzi," alisema, akionyesha mmoja. "Na huo mwingine ndio wa stoo."

"Una hakika?"

"Nimezivisha mimi mwenyewe."

Fundi akazichomeka alivyoambiwa, akarudi kwenye mluzi wake. Betri mpya zikaunganishwa. Kisha mtambo ukaamshwa kwa utaratibu wake, masanduku madogo kwanza na kabati kubwa mwisho, na fundi akamkataza mtu yeyote kugusa simu mpaka taa zote zitulie. Mtambo unaoamka, alisema, ni kama mtu unayemwamsha kwa ghafla, ukimuuliza jambo atakujibu upuuzi. Taa zikapepesa na kupepesa. Mama Sifuri alizitazama huku akikunja na kukunjua leso. Hatimaye zikatulia, zote kijani.

"Sasa tupime," alisema fundi. "Nitapita chumba kwa chumba nipige sifuri. Usipokee, tafadhali. Soma kioo tu kama jina ni lenyewe. Tukianza kuongea tutafika jioni hapa."

Akaondoka na mlinzi na furushi la funguo. Kioo kikaanza kuandika. Mapokezi: ikaita kidogo, ikakata. Uhasibu: ikaita kidogo, ikakata. Malalamiko. Mipango. Kisha kikaandika Mkurugenzi, na hiyo haikukata. Iliita, ikaita, ikaita. Mama Sifuri akatabasamu. Fundi ameona kiti cha bosi cha ngozi, akajisemea, amekikalia anajizungusha. Ikakata. Ikaita tena, ndefu kama ya kwanza. Alinyoosha mkono nusura apokee amtanie, kisha akakumbuka alivyokatazwa. Ikanyamaza. Zikafuata Maabara na Getini, fupifupi.

Fundi aliporudi aliuliza, "Zote nilizopiga zimeita?"

"Zote. Imebaki stoo. Hiyo naipima mimi."

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Mama Sifuri akakaa sawasawa, akalainisha gauni magotini, akabonyeza stoo. Ikaita. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema, "Stoo, unanisikia?" Lakini iliita mpaka ikajikata. Akajaribu tena. Labda ameinama, labda anashusha koki kwenye shubaka. Ikaita mpaka mwisho. Mara ya tatu aliiacha iite huku amefumba macho.

Hakupokea mtu.

Mwanamke mwingine angeshuka uwanjani akagonge mlango. Mama Sifuri alikuwa na wajukuu na heshima zake, na hakuona atasema nini akifika. Mtu aliyeahidi kupiga hakupiga, akipigiwa hapokei. Hapo kuna cha kuuliza? Amefikiri usiku, akaona mzigo bora aushushe njiani. Alipofunga chumba chake alichungulia kupitia dirisha la korido. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, kufuli limening'inia. Akamwambia fundi asante, akaenda nyumbani na gauni lake la sikukuu.

Jumapili alitia mboga chumvi mara mbili. Binti yake alionja, akaweka kijiko chini.

"Mama, mtu asiyepokea simu hajasema hapana. Hajapokea tu."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe. Ndivyo unavyowaambia wateja."

Mama Sifuri akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Jumatatu aliingia kazini uso umekaza. Mtambo ulikuwa unanguruma kwenye ukuta wake mkavu, mzima wa afya, na hilo nalo lilimuudhi. Kwa mara ya kwanza hakuipima laini ya mbali. Alipangusa meza, akapangusa kioo, akapangusa meza tena. Mara simu ikaita, na kioo kikaandika: Stoo.

Aliitazama. Akaiacha iite mara ya pili ili asionekane alikuwa anangoja. Kisha akapokea, na yote aliyoyanyamazia tangu Jumamosi yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Leo ndiyo umekumbuka kuwa kuna simu? Jumamosi nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi. Kama ulibadilisha mawazo si ungesema? Ningekula mtu? Mtu mzima na mvi zako unajificha nyuma ya mlango kama mtoto aliyevunja sahani! Na gauni nimevaa!"

Kisha sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ikasema, "Mama Sifuri, hizi mvi zangu umeziona lini? Nilidhani rangi imezificha zote."

Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi. Mkurugenzi, mwanamke wa maneno machache ambaye akipita koridoni watu hukumbuka kwamba wana kazi za kufanya. Mama Sifuri alitamani ardhi ipasuke.

"Bosi, samahani. Kioo kimeandika stoo."

"Nimepiga kutoka mezani kwangu. Nilikuwa naomba tu uniunganishe na maabara."

Mezani kwake. Mama Sifuri aligeuka akalitazama kabati la mtambo, na pale chini akaziona nyaya mbili za buluu, pacha, zimetulia kwenye matundu yake. Hapo jambo lote likamfungukia. Alizigeuza. Yeye, ambaye hajawahi kumpeleka mtu mahali asipotaka kwenda, alimpa Mkurugenzi tundu la stoo na stoo tundu la Mkurugenzi. Simu aliyoipiga Jumamosi haikulia stoo hata kidogo. Ililia ndani ya ofisi ya Mkurugenzi, tupu, imefungwa, ufunguo uko mkobani mwa mwenyewe. Na kama ofisi ilikuwa imefungwa, fundi hakukalia kiti chochote. Ile simu ndefu iliyoandikwa Mkurugenzi, iliyoita ikaita, ikakata, ikarudia, alikuwa Mzee Kufuli. Alipiga kama alivyoahidi. Alipiga mara mbili. Naye alikaa pale akaitazama huku akitabasamu.

"Mama Sifuri, bado upo?"

"Nipo, bosi. Nimezigeuza nyaya. Yako na ya stoo." Akakizungusha kiti kulipa kabati mgongo. "Alinipigia, sikupokea. Mimi nikadhani yeye ndiye hakupokea."

Mkurugenzi hakuuliza nani. Watu wa maneno machache huwa wana masikio mengi, na tena ofisi nzima ilikuwa ikishangaa kwa muda kwa nini laini ya stoo hupimwa kirefu vile. "Mtu mwenye mvi," alisema tu. "Sasa unangoja nini?"

"Siwezi kuacha meza, bosi. Meza ya simu haiachwi bila mtu, na wa kunipokea bado hajafika."

"Nashuka."

Na kweli alishuka, miwani inaning'inia kifuani. Akavuta kile kiti kilichochoka, akakikalia. "Nionyeshe. Hiki cha kupokea?"

"Hicho. Na hiki cha kuunganisha. Usimkatie mtu, bosi."

"Nenda, mama. Mimi leo ni sifuri."

Angeweza kubonyeza kitufe cha Mkurugenzi na kumpata mzee palepale. Sasa alijua njia. Lakini kidole kilikataa. Walishaongea kwa waya kiasi cha kutosha, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Akapita korido, akatoka mlango wa nyuma, akavuka uwanja kati ya mabomba na matangi, akikazana bila kukimbia, maana madirisha yana macho. Mlango wa chuma ulikuwa wazi nusu. Aliingia bila kuugusa, kwa hiyo haukukwaruza.

Mzee Kufuli alikuwa amesimama kwenye kaunta, amempa mgongo. Mkono mmoja umeshika simu sikioni, mwingine umeshika ukingo wa kaunta kama mtu aliye juu ya ngazi. Shati lilikuwa la kwendea mjini, Mama Sifuri hakuwa ameliona kabla, lakini mikunjo ya sandukuni ilionyesha halijazoea kazi.

"Mama Sifuri, usiseme kitu," alikuwa anasema kwenye simu, harakaharaka. "Ukisema nitasahau. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ujibu utakavyo. Jumamosi nilipiga hukupokea. Nikasema basi, jibu nimepewa. Nikafunga, nikaenda nyumbani, chakula hakikupita. Jana sikutoka. Usiku nikajiambia, mzee, heri ukataliwe kwa mdomo kuliko kwa mlio wa simu. Mimi ni mtu wa misumari na koki, maneno sina. Ila kila asubuhi unaponiuliza kama nakusikia, nikishajibu, siku nzima inakaa sawa. Jumapili huniulizi, na Jumapili haikai sawa. Nataka uwe unaniuliza nikiwa nyumbani. Kwetu. Nataka tuoane. Basi, hayo ndiyo. Nimemaliza."

Simu ya stoo ilikuwa ya zamani, yenye sauti kubwa, kwa hiyo Mama Sifuri, aliyesimama kando ya rundo la mabomba na leso mdomoni, alisikia kila neno la upande wa pili.

"Mzee Kufuli, huyu ni Mkurugenzi," ilisema ile sauti tulivu. "Uliniambia nisiseme kitu, nimetii. Maneno unayo. Aliyekusudiwa hayupo hapa, ametoka kuja kwako. Subiri kidogo, nakuunganisha."

Mzee aligeuka polepole sana. Alimwona. Mdomo ukafunguka, ukajifunga, na Mama Sifuri akaliona lile kufuli likirudi mahali pake, ana kwa ana kama siku zote. Safari hii hakuliacha lijifunge. Akasogea mpaka kwenye kaunta, akauchukua ule mkono wa simu kutoka mkononi mwake, akaulaza mahali pake taratibu, kama anavyowafundisha watu wote waulaze.

"Stoo," alisema, "unanisikia?"

Funguo zikalia kiunoni mwa mzee. Alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ileile ya kila asubuhi, na Mama Sifuri angeijua kati ya pumzi zote za dunia, bila kioo.

"Nakusikia," alisema Mzee Kufuli.

"Basi ndiyo. Na Jumapili nitakuuliza mara mbili."

Mzee Kufuli akakaa juu ya katoni ya koki, na Mama Sifuri akakaa kwenye katoni ya jirani. Simu ikalia juu ya kaunta. Hakuna aliyeipokea.